Mashine ya Maji Laini na Boga la Mama Mkwe

Wiki jana mliniacha nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama mkwe, nimeshika taulo lililojaa kutu, nikiangalia gari la mke wangu Joleen likiishilia barabarani. Wengine wenu mmeniandikia barua. Mmoja amesema nilistahili. Haya, asante.

Kwa aliyekosa: mimi ni Verlan Bakke, wa huku Iowa kaskazini, kwenye mahindi na soya. Kimbunga kiling'oa paa letu mwezi wa nne, tukahamia kwa mama mkwe wangu, Ardis. Maji ya kisima cha Ardis ni magumu, yamejaa chokaa na kutu. Yalizigeuza nywele za Joleen, za manjano tangu azaliwe, zikawa rangi ya karoti siku mbili kabla ya harusi ya binamu yake.

Nami muda wote huo nilikuwa namwambia mashine ya kulainisha maji nimeshaiagiza, iko njiani. Akapiga simu dukani. Wakamwambia hakuna mashine iliyoagizwa na mtu wa jina hilo, na wala mtu huyo hajawahi hata kuuliza.

Joleen akahamia kwa dada yake. Kwenye dirisha la gari akaniachia masharti mawili.

"Nitarudi maji yakiwa laini," alisema. "Na Verlan, ukinidanganya tena, hata kwa kitu kidogo cha kijinga, nikitoka sirudi. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na sikuwa na kitu kingine cha maana duniani.

Basi, nikaanza kwa kumwita muuzaji wa mashine hizo anayezunguka mashambani. Alifika Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, na hapo ndipo nilipokosea. Saa tatu na nusu ni saa ya kahawa ya Ardis na Delmar.

Delmar Kvam ni jirani yetu wa upande wa pili wa uzio, mgane wa miaka themanini. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akivuka uzio kila asubuhi kuja kunywa kahawa jikoni kwa Ardis. Na kwa miaka mitatu mfululizo amemshinda Ardis kwenye mashindano ya maboga makubwa ya mji wetu, mwezi wa tisa. Wanapendana kwa kutukanana.

"Lako naona limesinyaa, Ardis," Delmar alikuwa anamwambia, muuzaji alipogonga mlango.

"Limesinyaa? Wee Delmar, miwani hiyo umenunua kwa fundi viatu? Ratili mia tatu hizo, na bado wiki saba!"

Muuzaji akaingia, shati limenyooka, meno yote nje. Akajaza maji ya bomba letu kwenye chupa moja, na kwenye chupa nyingine maji aliyokuja nayo. Akatia matone ya sabuni, akatikisa. Chupa yake ikajaa povu mpaka shingoni. Ya kwetu ikatoa ukungu mweupe na vitu vinavyoelea.

"Hayo yako umeyatoa wapi?" Ardis akauliza.

"Haya yamepita kwenye mashine yetu, mama."

"Sijauliza yamepita wapi. Yametoka wapi?"

"Ee... mjini."

"Ahaa. Ya mjini."

Delmar akachekea ndani ya kikombe.

"Mama, maji yako yanaua mabomba taratibu," kijana wa watu akaendelea.

"Marehemu mume wangu Harlan aliyanywa miaka themanini na mbili. Kilichomuua ni trekta."

"Pole sana, mama. Lakini hata hii kahawa ingekuwa na ladha nzuri zaidi kama..."

Nikafumba macho. Huku kwetu unaweza kumwambia mtu mwanawe hana akili, akakusamehe. Kahawa yake, thubutu.

"Delmar," Ardis akasema kwa upole kabisa, "hebu mfungulie mgeni mlango."

Vumbi la gari lilipotulia, Ardis akanigeukia mimi.

"Sasa wewe mkwe wangu, nisikilize. Mwanangu namtaka arudi. Weka hiyo mashine. Ila bomba la maji baridi la jikoni usiliguse, hiyo ni kahawa yangu. Na bomba la nje usiliguse, hilo ni boga langu. Mashine hizo zinatumia chumvi. Chumvi na boga wapi na wapi?"

"Kila mtu analijua hilo, mama."

"Kila mtu sina habari naye. Wewe ndiye nakwambia."

Mbegu ya boga lile ilikuwa ya mwisho kwenye bahasha aliyoiacha Harlan, kaandika juu yake kwa mkono wake: KUBWA. Ardis ana miaka sabini na tisa, na alitaka kumshinda Delmar mara moja tu kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, mbele yake.

"Basi utaishi sana," Delmar akajibu.

Kesho yake nikapeleka maji yetu kwenye kichupa kwa Orrin wa duka la vifaa. Orrin akachovya kijiti cha kupimia, kikabadilika rangi, akakiangalia kwa muda mrefu.

"Punje thelathini na mbili za chokaa kwa galoni," akasema. "Yakifika saba tu tunayaita magumu. Verlan, mnakunywa au mnatafuna?"

"Nipe mashine, Orrin."

"Subiri. Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na mama mkwe. Na Joleen, akirudi."

"Akirudi?"

"Akirudi."

Orrin ana adabu, hakuuliza zaidi. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha: watu watatu, galoni sabini na tano kila mmoja kwa siku, zidisha kwa ugumu, na mashine ijisafishe mara moja kwa wiki.

"Chukua hii ya kati," akasema. "Ndogo itakufa. Kubwa ni kujionyesha kwa majirani."

Akanionyesha. Ndani ya tangi refu kuna vishanga vidogo vidogo, ndivyo vinavyonasa chokaa. Kando kuna pipa la chumvi. Vishanga vikishachoka, mashine inavisuuza kwa maji ya chumvi, vinaanza kazi upya.

"Maji yakishapita humo yanabaki na chumvi kidogo," Orrin akasema. "Mtu hasikii. Mmea unasikia. Bomba la nje ulichepushe kabla ya mashine, unajua."

"Orrin, mimi nimezaliwa huku!"

"Nasema tu. Wapo waliozaliwa huku."

Joleen akakubali kuja kuyaona maji Jumamosi saa kumi alasiri. Siku hiyo Ardis angekuwa kanisani na wenzake wakishona blanketi za viraka mpaka saa tisa. Mimi nikashuka chumba cha chini saa nne asubuhi, na msumeno, spana, na matumaini.

Nikazima pampu ya kisima. Nikafungua mabomba yote nyumbani ili maji yaliyobaki yatoke. Hayakutoka. Yalikuwa yananisubiri mimi. Nilipokata bomba la shaba yakanimwagikia yote kuanzia utosini, nikatukana kwa Kinorwe, lugha ambayo siijui isipokuwa matusi yake, urithi wa babu.

Lakini kufika saa nane nilikuwa nimeshaisimamisha mashine, jamani! Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Mrija wa maji machafu umeelekea kwenye shimo la sakafuni. Mpini nao upo: ukiuzungusha, maji yanaikwepa mashine na kupita pembeni. Bomba la kahawa nililiacha na maji yake magumu, kama nilivyoagizwa. Nilijiona fundi.

Likabaki bomba la nje. Nikalifuata kwa macho darini, nikaona linapopita.

Lilikuwa linachepukia nyuma ya rafu za Ardis. Rafu sita, sakafuni mpaka darini, zimejaa chupa mia mbili na kumi na nne za matango ya siki, nyanya na pichi, kila moja imeandikwa tarehe. Chupa zile haziguswi na mtu. Shemeji yangu aliwahi kusogeza mbili tu, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo akija hapa anakula kwenye sahani ya karatasi.

Kulitenganisha bomba lile ingebidi nishushe chupa zote, nifungue rafu, nipitishe bomba jipya futi ishirini, nirudishe kila chupa pale pale ilipokuwa. Nikaangalia saa. Nane na nusu.

Nikajiambia: Verlan, liache tu lipitie mashine kwa muda. Jumatatu utalitenganisha. Kwa siku mbili boga halitajua.

Wasomaji wangu, najua mnachosema hapo mlipo. Msinichoshe. Laleni nyie peke yenu wiki tano, huku mama mkwe akikoroma chumba cha pili, ndipo mje mnihukumu.

Saa kumi kamili Joleen akaingia. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akashika sabuni, akafungua maji. Mimi nimesimama mlangoni, jasho linanitoka.

"Aa!" akasema. "Verlan! Yanateleza!"

"Yanateleza, eeh?"

"Nasuuza, utelezi hauishi! Hebu njoo ushike! Mungu wangu, mikono kama ya mtoto!"

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu mwezi wa sita. Akaosha nywele pale pale kwenye sinki, akatoka kwenda kuchukua begi lake garini, na mimi nikageukia ukuta ili asinione nafuta macho.

Ardis akawa amefika. Akakumbatiana na binti yake, akashika nywele zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanitazama mimi.

"Bomba la nje uliliacha?"

Joleen alikuwa amesimama katikati yetu, taulo kichwani, anatabasamu, ananisubiri nijibu.

"Niliacha, mama," nikasema.

"Mkwe wangu!" Ardis akasema, akanipapasa shavu. Hajawahi kunipapasa shavu hata siku ya harusi.

Jumatatu ikafika. Ardis hakutoka. Jumanne hakutoka. Kumbe nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa huku analijua: ulikuwa msimu wa kuweka matango kwenye chupa. Alikuwa chumba cha chini asubuhi mpaka jioni, na chupa mia mbili na kumi na nne zikawa mia mbili na arobaini, halafu mia mbili na sabini. Bomba langu likazidi kuzikwa.

Na boga nalo! Boga la namna ile, wakati wake wa kunenepa, linakunywa galoni mia kwa siku. Orrin alihesabu watu watatu. Boga hakuna aliyelihesabu.

Jumatano tu vishanga vikachoka.

"Mbona yameanza kuwa magumu tena?" Joleen akauliza, anasugua mkono.

"Mashine mpya hiyo, mpenzi. Inazoea."

Nikashuka, nikaiamuru ijisafishe kila siku badala ya kila wiki. Ikaanza kula chumvi kama imekatazwa. Mfuko wa ratili arobaini haukumaliza siku nne. Nikawa nanunua chumvi kwa Orrin nikitoka kazini, naificha ghalani chini ya turubai, halafu naiingiza ndani mfuko mmoja mmoja Ardis akiwa bustanini. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, naingiza chumvi nyumbani kwa magendo!

Kisha nikapata akili. Kila jioni Ardis akishika mpira wa maji, nashuka mbio, nazungusha mpini, maji yanaikwepa mashine. Akimaliza, nashuka tena, narudisha. Siku ya kwanza ilikwenda salama. Siku ya pili Joleen alikuwa anaoga.

"VERLAN! Maji yamebadilika!"

"Yatarudi, mpenzi!"

"Yatarudi kutoka wapi? Nina sabuni kichwani!"

Nikarudisha mpini. Nikachungulia dirishani: Ardis bado anamwagilia. Nikazungusha tena. Joleen akapiga kelele tena. Nikarudisha. Jioni ile nilipanda na kushuka ngazi zile mara tisa, mpaka mbwa akachoka kunifuata, akalala katikati ya njia, nikamruka.

"Kwani unafanya nini chini kila jioni?" Joleen akaniuliza wakati wa chakula. Kulikuwa na viazi na nyama ya kusaga vya kuoka, chakula ninachokipenda, nami nakizungusha tu kwa uma.

"Naangalia chumvi."

Aliniangalia kidogo, akanipa mkate.

Kumbe nilikuwa najisumbua bure. Mchana mimi niko kazini kwenye kiwanda cha mayai, na Ardis, kwa joto la mwezi wa nane, alikuwa anamwagilia na saa sita pia.

Mwisho wa mwezi kingo za majani zikaanza kuwa za kahawia. Ukiyashika yanakatika.

"Lina kiu," Ardis akasema, akaongeza maji.

Kesho yake yakawa mabaya zaidi.

"Lina kiu sana," akasema, akaacha mpira unatiririka asubuhi nzima.

Mimi nikasimama pale kama mlingoti. Nilitaka kumwambia aache. Nikimwambia aache ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, Joleen yuko dirishani anasikia.

Delmar akavuka uzio kuja kuangalia. Alipoona majani akavua kofia. Akachuchumaa, akageuza jani moja, akaligeuza tena. Hakutania hata neno.

"Ardis, hii siyo kiu," akasema. "Hii naijua. Majani yanaungua hivi yakipatwa na dawa ya magugu."

"Dawa ya nani?" Ardis akauliza.

Delmar akageuka kuangalia kwake. Ng'ambo ya uzio, pembeni ya trekta lake, bomba lake la kupulizia dawa lilikuwa limeegemezwa pale pale alipoliacha.

"Ulipiga dawa magugu ya uzio wiki iliyopita," Ardis akasema. "Niliona."

"Nilipiga. Lakini upepo ulikuwa unaelekea kwangu, Ardis."

"Asubuhi ulielekea kwako. Mchana uligeuka. Nguo zangu kwenye kamba ziliniambia."

"Ardis, naapa kwa kaburi la..."

"Miaka mitatu unanishinda, Delmar. Haikukutosha?"

"Jamani, Ardis!"

"Nenda nyumbani kwako."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao, mpira wa maji mkononi mwangu, na maji yake yanadondoka kwenye viatu vyangu. Neno moja tu lingetosha. Nikajitia hamnazo. Nikaukunja mpira taratibu, mviringo mmoja baada ya mwingine, mpaka Delmar akavuka uzio akaingia kwake.

Kesho yake saa tatu na nusu nilikuwa sijaenda kazini bado. Ardis akatoa vikombe viwili, kwa mazoea. Akaviangalia. Akakirudisha kimoja kabatini, akaketi, akanywa peke yake akiwa ameupa mgongo mlango.

Nikachungulia dirishani. Delmar alikuwa amesimama kwenye uzio, upande wake, kavaa shati safi. Alisimama kama robo saa. Halafu akageuka.

Hapo niliumia, nasema kweli. Nilijichukia. Watu wawili wazee, miaka kumi na moja ya kahawa, na mimi ndiye niliyekata. Boga likakoma kukua kwenye ratili mia tano na arobaini, shina limelegea, na la Delmar kwa kupima kwa kamba lilikuwa linakaribia mia tisa. Ardis akaacha kulizungumzia. Bahasha ya Harlan akaiondoa kwenye mlango wa friji, sijui aliiweka wapi.

Mara tatu nilimfuata Joleen nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anaimba. Mara ya pili alinishika mkono akasema, "Verlan, unajua nini, nimeanza kukuamini tena." Mara ya tatu sikufika hata mlangoni.

Basi, Jumapili iliyopita.

Baada ya ibada sisi Walutheri tunashuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa. Watu kama sitini, meza ndefu, sinia za keki za vipande. Ardis alikaa meza ya mbele na wenzake wa kushona. Delmar alikaa ya nyuma kabisa, karibu na makoti. Mji mzima ulikuwa unajua. Kila mtu anaongea kuhusu hali ya hewa kwa bidii.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika kubwa la kahawa, najaza kikombe ambacho kilikuwa kimeshajaa.

Delmar akasimama. Kofia anaizungusha mikononi.

"Samahanini," akasema. Huku kwetu mtu hasimami kuongea wakati wa kahawa. Vijiko vyote vikanyamaza.

"Nina neno kwa Ardis, na nataka mlisikie wote, kwa sababu wote mnaliongea. Nimefikiri wiki mbili. Nimeangalia ile karatasi ninapoandika hali ya hewa kila siku. Ardis alisema kweli. Siku ile niliyopiga dawa upepo uligeuka mchana, na mimi sikuwa nimemaliza. Nilijiambia kipande kilichobaki ni kidogo, acha nimalizie. Nimemuulia Ardis boga lake. Mbegu ya Harlan, na Harlan alikuwa rafiki yangu."

Kofia ikaacha kuzunguka.

"Asubuhi hii nimelikata langu kwenye shina. Halitapimwa. Sitaki kushinda hivyo. Ardis, nisamehe. Kahawa sikuombi. Nakuomba msamaha tu."

"Umelikata?" Ardis akasema. Alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Mjinga wewe! Ratili mia tisa, umelikata?"

"Nimelikata."

Ardis akakaa, akafunika uso kwa kitambaa cha mezani, mabega yanatikisika. Mama wa pembeni akamshika mgongo. Mchungaji akaanza kunyanyuka, akaghairi.

Nikahisi mtu amesimama ubavuni mwangu. Joleen, kashika sinia la keki, anatabasamu kwa ajili ya watu. Akasema kwa sauti ya chini, midomo haitikisiki.

"Jana nilipita kwa Orrin. Ameniuliza tumefuga ng'ombe wangapi."

"Ng'ombe?"

"Anasema nyumba ya watu watatu haili chumvi namna ile. Nikarudi nyumbani. Nikashuka chini, nikalifuata bomba la nje kwa kidole, kutoka ukutani, nyuma ya chupa za mama. Unajua linatokea wapi, Verlan?"

Nikaweka kikombe mezani.

"Joleen, nilitaka kukwambia. Nilitaka tangu Jumatatu ile..."

"Usiniambie mimi. Mimi najua." Sasa alikuwa ameacha kutabasamu, na macho yake yamejaa machozi. "Yule mzee amekata boga lake kwa ajili yako. Mwambie yeye. Mwambie mama. Mbele ya watu wote hawa waliosikia. Mimi sisemi kitu. Nakupa mpaka Delmar akae. Akikaa hujasema, mimi na wewe tumemalizana."

Kule nyuma Delmar akafuta pua kwa kiganja.

"Basi, sina zaidi," akasema, akashika mgongo wa kiti.

Delmar ana magoti mabovu. Hakai mara moja. Kwanza anainama, halafu anapumua, halafu ndipo anajiachia.

Alikuwa ameshainama. Sasa alikuwa anapumua.